Bafa ya IIO iko kimya: jinsi ya kutafuta mahali sampuli zinapopotelea

Kihisi kinajibu, lakini bafa ya IIO (ghala la muda ambamo Linux huweka sampuli za kihisi) haitoi kitu. Ukisoma faili la in_accel_z_raw unapata namba nzuri tu, ila ukifungua /dev/iio:device0 programu inaganda: haitoi kosa, haitoi data. Nilikutana na hali hiyo nilipofunga MPU6050, chipu ya kupima mwendo na mtetemo, kwenye mota ya mashine ya kusaga, nikitaka kujua beringi inaanza kuchoka lini kabla haijakwama. Siku mbili nzima nilikuwa nafumua programu yangu na kuiandika upya, kumbe kosa lilikuwa waya mmoja ambao haukuwa umefungwa.

Tatizo hili linachosha kwa sababu Linux inasoma kihisi kwa njia mbili tofauti kabisa, na ile inayofanya kazi inakufanya uiamini ile isiyofanya kazi. Njia ya kwanza ni ya kuuliza na kujibiwa: wewe unafungua faili la raw, draiva (programu ya kerneli inayoendesha chipu) inakwenda kwenye rejista ya chipu kupitia I2C, laini ya mawasiliano ya nyaya mbili, inarudi na namba moja. Njia ya pili ni ya bafa. Hapo chipu yenyewe ndiyo inayoita, kupitia pini ya INT, kwamba data iko tayari. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inapokea mwito huo (intarapti), triga, yaani kichocheo, inaiamsha draiva, draiva inakomba FIFO, foleni ya data iliyo ndani ya chipu, inasukuma sampuli kwenye bafa ya kerneli, na programu yako inazichota kutoka huko. Raw ikisoma vizuri, umethibitisha nyaya za I2C tu. Hujathibitisha kingine chochote.

Kwa hiyo tutapanda kutoka kwenye chipu kwenda juu, kituo kimoja kimoja, na hatuondoki kwenye kituo mpaka kitupe ushahidi wa namba. Mfano wangu ni Raspberry Pi na bodi ndogo ya GY-521 yenye MPU6050, lakini utaratibu ni ule ule kwa kihisi chochote kinachotumia IIO, yaani mfumo mdogo wa vihisi ulioanzishwa na Jonathan Cameron na kuingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2009.

Hatua ya 1: Nyaya na chipu

GY-521 ina pini nane. Maelezo mengi ya Arduino yanakufundisha kufunga nne tu: VCC, GND, SCL na SDA. Kwa njia ya raw nne zinatosha. Kwa bafa hazitoshi. Unahitaji na INT. Kwenye Pi, peleka INT kwenye GPIO 4, ambayo ni pini ya 7 ukihesabu kwenye bodi, kisha weka mistari hii kwenye config.txt:

```
dtparam=i2c_arm=on
dtoverlay=mpu6050,interrupt=4
```

Washa upya, kisha:

```
i2cdetect -y 1
```

Ukiona 68, chipu ipo lakini hakuna draiva iliyoichukua. Ukiona UU mahali pa 68, draiva imeishika, na hilo ndilo unalolitaka. Ukiona 69, pini ya AD0 imepelekwa juu, na itabidi anwani ya kwenye mti wa vifaa (maelezo yanayoiambia kerneli vifaa vilivyofungwa) ibadilishwe iendane nayo. Usipoona kitu, acha kila kitu kingine urudi kwenye nyaya. Vichwa vya pini ambavyo havijachomelewa kwa risasi, vimechomekwa tu kwenye matundu, vimepoteza saa nyingi za watu.

Kisha tafuta neno whoami kwenye dmesg, yaani ujumbe wa kerneli. Rejista ya 0x75 ya MPU6050 halisi hujibu 0x68. Kuna bodi zinazouzwa kwa jina hilo huku ndani zina chipu nyingine; MPU6500, kwa mfano, hujibu 0x70. Draiva ikiitambua hiyo chipu nyingine hutoa onyo na kuendelea. Isipoitambua hukataa kabisa.

Hatua ya 2: Soma raw, halafu usiiamini sana

Ingia kwa `sudo -i`. Ukiandika `sudo echo 1 > faili` utakataliwa, kwa sababu ile alama ya > inafanywa na sheli yako, siyo na sudo.

```
cd /sys/bus/iio/devices/iio:device0
cat name in_accel_z_raw in_accel_scale
```

Bodi ikiwa imelala mezani na kipimo kiko kwenye ±2 g, scale itakuwa 0.000598 na Z itakuwa karibu na 16384. Zidisha: unapata takribani 9.8, yaani mvutano wa dunia. Iandike hiyo 16384 mahali, tutaihitaji tena kwenye Hatua ya 6.

Ukijibiwa "Device or resource busy", bafa tayari imewashwa, pengine na programu iliyokufa bila kuizima. Draiva hii hairuhusu raw na bafa kwa wakati mmoja. Andika 0 kwenye buffer/enable, urudie.

Hatua ya 3: Washa bafa kwa mpangilio

Mpangilio una maana hapa. Chaneli kwanza, urefu wa bafa baadaye, kuwasha mwisho:

```
echo 200 > sampling_frequency
echo 1 > scan_elements/in_accel_x_en
echo 1 > scan_elements/in_accel_y_en
echo 1 > scan_elements/in_accel_z_en
echo 1 > scan_elements/in_timestamp_en
echo 1024 > buffer/length
echo 64 > buffer/watermark
cat trigger/current_trigger
echo 1 > buffer/enable
```

Usiiruke ile sampling_frequency. Draiva hii huanza na sampuli 50 kwa sekunde. Mota ya ncha nne kwenye umeme wa hezi 50 huzunguka kama mara 1450 kwa dakika, yaani 24 kwa sekunde, na sampuli 50 zinaubeba mzunguko huo kwa shida sana. Mtetemo wa beringi, ambao uko juu zaidi ya hapo, hautauona kabisa.

Kuwasha kukigoma kwa "Invalid argument", angalia mambo mawili: hukuchagua chaneli yoyote, au current_trigger iko tupu. MPU6050 hujiwekea triga yake yenyewe, yenye jina la mtindo wa mpu6050-dev0, lakini vihisi vingine vinakusubiri wewe uandike jina la triga. Kigomo cha "Device or resource busy" unapobadilisha chaneli maana yake bafa bado inakimbia.

Kuna jambo lililonisumbua muda mrefu: kerneli inajua sababu ya kukataa na imeiandika vizuri, ila haikuonyeshi. Ujumbe huo ni wa ngazi ya utatuzi, na kwa kawaida umezimwa. Uwashe hivi:

```
echo 'file industrialio-buffer.c +p' > /sys/kernel/debug/dynamic_debug/control
```

Jaribu tena kuwasha bafa, kisha soma dmesg. Faili hilo likiwa halipo, kerneli yako ilijengwa bila CONFIG_DYNAMIC_DEBUG. Ukiwa unajenga kerneli mwenyewe, hakikisha pia CONFIG_IIO_KFIFO_BUF na CONFIG_IIO_TRIGGERED_BUFFER zimo.

Hatua ya 4: Hesabu intarapti

Hiki ndicho kituo ambacho watu wengi wanakiruka, na ndicho kilichonila siku mbili. Bafa ikiwa imewashwa:

```
grep -i mpu /proc/interrupts; sleep 10; grep -i mpu /proc/interrupts
```

Kwa sampuli 200 kwa sekunde, tofauti ya namba hizo mbili inapaswa kuwa karibu 2000. Ikipungua au kuzidi kidogo usihofu. Saa ya ndani ya chipu haifanani kabisa na ya Pi. Tofauti isipofika huko, namna inavyokosea ndiyo inayokuonyesha ubovu ulipo.

Mstari haupo kabisa: draiva haikupewa pini ya intarapti. Rudi kwenye dtoverlay, au kwenye mti wa vifaa wa bodi yako.

Mstari upo na hesabu iko sifuri daima: waya wa INT haujafungwa, uko kwenye pini nyingine, au aina ya intarapti iliyotajwa haiendani na namna chipu inavyoita. Mimi nilikuwa hapa.

Hesabu inapanda mara moja kisha inakwama: hapo kuna kisa. Intarapti ya ukingo huhesabiwa pale tu laini inapopanda. Chipu ikipandisha laini, na draiva isisome kile kinachoishusha, laini inabaki juu. Haitapanda tena kwa sababu haijashuka. Kimya kinachofuata hakina mwisho mpaka uzime na kuwasha bafa. Kwa wanaoandika draiva zao hili ni la kawaida sana. Soma datashiti ya chipu ujue ni rejista gani inayoisafisha ile hali.

Hesabu inakimbia kwa maelfu kwa maelfu: waya unaelea bila kushika kitu, au umetaja intarapti ya kiwango (inayoita muda wote laini ikiwa upande fulani, juu au chini) kwa upande usio wake. Zikiwa ni intarapti ambazo hakuna draiva inayozidai, kerneli huchoka: 99,900 kati ya 100,000 zikipita hivyo, huandika "nobody cared" na kuifunga laini hiyo.

Hatua ya 5: Bafa inajaa au haijai?

Bado usifungue programu yako. Soma hili mara kadhaa kwa kufuatana:

```
cat buffer/data_available
```

Kwa kuwa hakuna anayechota, namba inapaswa kupanda hadi 1024 ndani ya sekunde kama tano, kisha isimame. Ikifanya hivyo, draiva na kerneli viko salama na kosa lako liko kwenye programu. Intarapti zikipanda huku namba hii ikibaki sifuri, kosa liko katikati, kwenye kipande cha draiva kinachoamshwa na triga.

Kwenye draiva nyingine ungeweza kukitenga kipande hicho kwa kuazima triga ya saa:

```
mkdir /sys/kernel/config/iio/triggers/hrtimer/t1
echo t1 > trigger/current_trigger
```

Draiva ya MPU6050 inakataa triga ya kuazima kwa makusudi, maana inategemea intarapti ya chipu yake ili isome FIFO. Kwa hiyo, kama unataka kujua iwapo programu yako inasoma bafa vizuri bila kutegemea kihisi, tumia kihisi bandia cha kerneli:

```
modprobe iio_dummy
mkdir /sys/kernel/config/iio/devices/dummy/jaribio
```

Kikiwa kimejengwa na bafa yake, kipe triga ya t1. Chaneli zake hutoa namba zisizobadilika: 7, -33, -2 na 344. Programu yako ikitoa namba nyingine, basi ni yenyewe inayokosea.

Programu yako ikiambiwa /dev/iio:device0 iko "busy", kuna mwingine amelishika. Faili hilo linafunguliwa na mmoja tu. `fuser /dev/iio:device0` itakuambia ni nani. Mara nyingi ni iiod, huduma ya nyuma ya IIO, iliyojiwasha yenyewe pamoja na maktaba ya libiio.

Hatua ya 6: Baiti zinakuja, namba ni za ajabu

Usikisie muundo wa data. Draiva imeuandika:

```
cat scan_elements/in_accel_z_type
be:s16/16>>0
cat scan_elements/in_timestamp_type
le:s64/64>>0
```

Mstari wa kwanza unasema: baiti kubwa inatangulia, namba ina alama ya hasi au chanya, biti 16 za maana ndani ya biti 16 za nafasi, bila kusogeza. Wa pili unasema muhuri wa wakati ni biti 64 na baiti ndogo ndiyo inayotangulia. Yaani ndani ya rekodi moja kuna mpangilio wa aina mbili. Ile 16384 ni 0x4000. Ukiisoma kinyume inakuwa 0x0040, yaani 64. Ukiona Z ya bodi iliyolala mezani inachezacheza kwa hatua kubwa zisizo na maana badala ya kukaa karibu na 16384, umegeuza baiti.

Mtego wa pili ni nafasi tupu. Mihimili mitatu ni baiti 6. Muhuri wa wakati una baiti 8 na lazima uanzie kwenye nafasi inayogawanyika kwa 8. Kwa hiyo baiti 2 zinaachwa bure, na rekodi inakuwa 16, siyo 14. Ukiongeza jairo (mihimili mitatu ya kupima mzunguko) una baiti 12, zinasogezwa hadi 16, jumla 24. Anayesoma kwa hatua za 14 atapata mihimili ya rekodi ya kwanza sahihi na vinavyofuata vyote vimepinda. Mpangilio wa chaneli nao usiukariri. Soma mafaili yanayoishia na _index, kwa sababu hauendi kwa utaratibu ulioutumia kuziwasha.

Hii hapa njia fupi ya kusoma na kukamata mapengo kwa pamoja:

```
import struct
mwisho = None
with open('/dev/iio:device0', 'rb', buffering=0) as f:
    while True:
        d = f.read(16 * 64)
        for i in range(0, len(d), 16):
            x, y, z = struct.unpack('>3h', d[i:i+6])
            (t,) = struct.unpack('<q', d[i+8:i+16])
            if mwisho and t - mwisho > 7_500_000:
                print('pengo', (t - mwisho) / 1e6, 'ms')
            mwisho = t
```

Kwa sampuli 200 kwa sekunde, hatua moja ni nanosekunde 5,000,000. Ikizidi 7,500,000 kuna kitu kimepotea.

Kabla ya kuamini pengo lolote, badilisha saa:

```
echo monotonic > current_timestamp_clock
```

Fanya hivyo bafa ikiwa imezimwa. IIO hutumia saa ya kawaida ya mfumo, na Raspberry Pi zilizotangulia Pi 5 hazina saa yenye betri. Pi inawaka na tarehe ya zamani, mtandao ukipatikana saa inaruka ghafla, na wewe unaona pengo la siku tatu kwenye data isiyo na kasoro.

Hatua ya 7: Sampuli zinapotea kweli

Kuna sehemu mbili zinazofurika, na dawa zake hazifanani.

Ya kwanza ni bafa ya kerneli. Usipougusa urefu wake, bafa hiyo (kfifo) ina nafasi ya sampuli 2 tu. Ikijaa, kinachotupwa ni sampuli mpya inayoingia, siyo ya zamani, na hakuna ujumbe wowote utakaouona. Dalili yake ni data_available inayokaa kwenye kikomo wakati programu inaendelea kusoma. Ongeza buffer/length, na soma kwa mafungu. Kama programu yako inaandika kwenye kadi ya SD baada ya kila sampuli, acha. Kadi ikisitasita nusu sekunde, sampuli 100 zimeshafika mlangoni.

Ya pili ni FIFO ya chipu, ambayo ina baiti 1024. Piga hesabu hii mwenyewe kabla ya kulaumu draiva. Mihimili sita, kasi ya 1000: baiti 12 mara 1000 ni baiti 12,000 kwa sekunde. Kwenye I2C kila baiti hubeba biti 9, kwa sababu ya ile ya kukiri, hivyo ni biti 108,000. Raspberry Pi huanza na I2C ya 100,000. Haiwezekani, hata draiva iwe nzuri namna gani, na bado hatujahesabu anwani na usomaji wa rejista ya hesabu. FIFO inafurika mara kwa mara na data inakatika. Pandisha kasi:

```
dtparam=i2c_arm=on,i2c_arm_baudrate=400000
```

Au zima jairo kama huihitaji, ubaki na biti 54,000. Kwa mtetemo wa mota, jairo sikuitumia kabisa.

Kama bado kuna mapengo, tazama I2C inavyokwenda kwa wakati halisi:

```
echo 1 > /sys/kernel/tracing/events/i2c/enable
cat /sys/kernel/tracing/trace_pipe
```

Utaona kila ombi na jibu lake pamoja na muda. FIFO iliyojaa, kwa baiti 12 na kasi ya 1000, inakupa kama milisekunde 85 za kuvumilia. Ukikuta kimya kirefu kuliko hapo, tafuta kifaa kingine kinachotumia laini hiyo hiyo ya I2C. Skrini ndogo za OLED zinapenda sana kuishikilia.

Kama draiva ni ya kwako

Makosa matatu nimeyaona yakirudi mara nyingi kuliko mengine yote.

Sampuli moja inakuja kisha kimya: hukuita iio_trigger_notify_done. Mara nyingi umeiita, lakini kwenye njia ya kosa uliweka return ya haraka, na siku I2C iliposhindwa mara moja, triga ikabaki inasubiri milele. Njia zote za kutoka zipitie mlango mmoja.

Muhuri wa wakati ni sifuri daima: kwenye iio_triggered_buffer_setup umeweka NULL mahali pa iio_pollfunc_store_time, halafu ukatumia pf->timestamp ambayo hakuna aliyeijaza.

Kumbukumbu inaharibika mahali pasipohusiana: umeipa iio_push_to_buffers_with_timestamp safu ya baiti 14. Kerneli inaandika muhuri kuanzia nafasi ya 8 hadi 16, yaani baiti 2 nje ya safu yako. Tangaza muundo wenye muhuri uliolazimishwa kwenye mpaka wa 8, na ujaze sifuri kwanza, kwa sababu zile baiti 2 za nafasi tupu zitamfikia mtumiaji zikiwa na chochote kilichokuwemo kwenye kumbukumbu ya kerneli.

Jaribio la usiku mzima

Washa bafa jioni kwa kasi ya 200, mihimili mitatu na muhuri wa wakati, uandike kwenye faili, uache kwa muda wa saa nane. Asubuhi faili linapaswa kuwa na sampuli kama 5,760,000, yaani baiti 92,160,000, ukiacha ile tofauti ndogo ya saa ya chipu uliyoiona kwenye Hatua ya 4. Ukubwa wa faili lazima ugawanyike kwa 16 bila salio. Ukimaliza, funga programu kwanza, andika 0 kwenye buffer/enable, ndipo uchomoe waya wa kihisi.